UZI: Komoro ina watu wenye mpangilio na pesa inaingia, kwa nini dola, yaani mamlaka ya serikali yake, haisimami?

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Komoro ikitajwa humu, mjadala huishia kwenye mambo mawili: mapinduzi, na Wangazija wanaokuja kununua bidhaa Kariakoo. Leo naomba twende mbali zaidi. Hawa ni jirani zetu wa baharini, lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili, masheikh wao wamesomesha Unguja vizazi na vizazi, na mwaka 2008 wanajeshi wetu walivuka maji kwenda kupigana kwao. Baada ya hapo tukawasahau.

Hoja yangu naiweka mapema, ili anayetaka kunipinga anipinge kwenye jambo lenyewe. Komoro si nchi ya watu wasiojua kujiongoza. Kijijini wanajiongoza, kwenye ukoo wanajiongoza, kwenye vyama vyao kule Marseille, Ufaransa, wanajiongoza vizuri sana. Kilichokwama ni dola. Pesa ya Mkomoro inapita pembeni ya serikali, na serikali nayo imezoea kuishi bila kumtegemea Mkomoro. Mengi mengine, kuanzia umeme unaokatika hadi watu wanaozama baharini, yanaanzia hapo.

Tuielewe kwanza nchi yenyewe. Visiwa vinavyoongozwa kutoka mji mkuu, Moroni, ni vitatu: Ngazija, Nzuani ambayo Wafaransa huiita Anjouan, na Mwali. Ukivijumlisha unapata kilomita za mraba 1,861, yaani vinaizidi Unguja kidogo tu. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 758,316. Kisiwa cha nne, Maore (Mayotte), kiko chini ya Ufaransa, na nitakirudia, kwa sababu bila Maore habari ya Komoro haieleweki.

Ngazija imekaa juu ya volkano iitwayo Karthala, yenye urefu wa mita 2,361. Mvua hunyesha tele, lakini mawe yake yananyonya maji yote, hivyo kisiwa kizima hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Watu huvuna maji ya paa na kuyahifadhi kwenye mabirika ya saruji, na Karthala ilipolipuka mwaka 2005 majivu yaliangukia humo na kuharibu maji ya kunywa ya vijiji vingi. Nzuani ni kinyume chake. Hicho kilikuwa kisiwa cha mito, ila ni kidogo, nchi yote ni milima, na watu wamebanana kiasi kwamba hata miteremko isiyostahili jembe inalimwa. Misitu imekatwa, na mito mingi iliyokuwa ya kudumu sasa ni ya msimu. Mwali ndicho kidogo kuliko vyote, chenye watu wachache, na mara nyingi hukumbukwa mwisho pale mipango inapopangwa.

DOLA ILIVYOZALIWA

Desemba 1974 Ufaransa iliitisha kura ya maoni. Ukijumlisha visiwa vyote vinne, zaidi ya asilimia 94 walitaka uhuru. Maore peke yake, karibu theluthi mbili walikataa. Paris ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja badala ya nchi nzima. Ahmed Abdallah, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya ndani, hakungoja, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro Novemba mwaka huo kama nchi ya visiwa vinne, lakini Ufaransa haikutoka Maore. Na kabla mwezi haujaisha tangu uhuru, tarehe 3 Agosti, Abdallah alikuwa ameshapinduliwa.

Akaja Ali Soilih, na huyu naomba tumtazame kwa makini, maana ndiye kiongozi pekee wa Komoro aliyejaribu kuivunja dola ya kikoloni na kujenga nyingine kuanzia chini. Alikuwa mtaalamu wa kilimo. Aliwafukuza watumishi wa serikali, nyaraka za serikali zikachomwa moto mwaka 1977, madaraka yakashushwa kwenye mudiria, yaani vituo vya utawala vya mitaani ambavyo vilitakiwa viwe na huduma zote mahali pamoja. Alipiga marufuku ndoa kubwa, ile sherehe ya gharama nitakayoieleza mbele. Ufaransa ilikuwa imeshaondoa wataalamu na fedha zake. Juu ya hayo, Desemba 1976 Wakomoro zaidi ya elfu moja waliuawa Mahajanga, Madagaska, na manusura zaidi ya 15,000 wakarudishwa kwenye nchi isiyokuwa na kitu mkononi. Vijana waliopewa madaraka wakawa wababe, wazee wakadhalilishwa, na watu wakachoka.

Tarehe 13 Mei 1978 mamluki wapatao 50 wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard walitua usiku na kumwondoa. Denard huyohuyo alikuwa amemsaidia miaka mitatu nyuma. Soilih aliuawa kabla mwezi haujaisha.

Naiona awamu iliyofuata kuwa ndiyo iliyoharibu zaidi, kuliko hata fujo za Soilih. Abdallah alirudi, na kwa miaka 11 mamluki wakawa ndio uti wa mgongo wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais, wakilipwa na Afrika Kusini ya makaburu, ambayo iliitumia Komoro kukwepa vikwazo. Fikirini maana yake. Nguvu kuu ya dola ililipwa kutoka nje. Rais hakuhitaji kodi ya mkulima wa vanila wala ridhaa ya mvuvi wa Mwali ili abaki Ikulu. Akishamridhisha anayelipa walinzi, yametosha. Abdallah mwenyewe aliuawa humohumo Ikulu Novemba 1989. Denard akaondoka, akarudi Septemba 1995 na kumteka Rais Djohar, mpaka makomandoo wa Ufaransa walipokuja kumtoa. Watu husema mapinduzi na majaribio ya mapinduzi Komoro yamepita 20, na wanaishia kucheka. Mimi naona nchi ambayo funguo za Ikulu zilikuwa mikononi mwa wageni kwa kizazi kizima.

NZUANI ILIPOJITOA

Mwaka 1997 hesabu ikaja. Mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi. Mwalimu wa Nzuani alikuwa hapati chochote kutoka Moroni, huku kilomita 70 tu kutoka kwake, Maore, mwalimu mwenzake akilipwa na Paris kila mwezi. Tarehe 3 Agosti 1997 Nzuani ikatangaza kujitenga, na waandamanaji wakapandisha bendera ya Ufaransa wakiomba warudi chini ya mkoloni. Ufaransa ikakataa. Moroni ikatuma askari mwezi uliofuata, wakashindwa vibaya.

Sijui fedheha kubwa kuliko hiyo kwa dola yoyote: wananchi wako, miaka 22 baada ya uhuru, waombe wenyewe kurudi kutawaliwa. Nawaomba wanaowaita Wanzuani wasaliti wasimame hapo kidogo. Watu wale walikuwa na njaa.

Aprili 1999 Kanali Azali Assoumani alichukua nchi kwa mapinduzi. Baadaye, kwenye mji wa Fomboni kisiwani Mwali, makubaliano yakasainiwa Februari 2001, na katiba ya Desemba mwaka huo ikazaa Muungano wa Komoro na mzunguko wa urais.

Mzunguko ule ulikuwa na akili. Kila awamu kisiwa kimoja hutoa rais. Wapiga kura wa kisiwa hicho pekee huchagua watatu bora, kisha watatu hao hupigiwa kura na nchi nzima. Yaani lazima ukubalike kwanza kwenu, halafu ukaombe kura kwa wenzako. Azali alitoka Ngazija mwaka 2002, Sambi Nzuani mwaka 2006, Ikililou Dhoinine Mwali mwaka 2011. Kiongozi wa kisiwa kidogo kuliko vyote akawa rais wa nchi! Kwa nchi iliyotoka kuvunjika, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kasoro ilikuwa gharama. Mwanzoni kila kisiwa kilikuwa na rais wake, baraza lake na mawaziri wake, juu yao Muungano. Marais wanne kwa watu wasiofika milioni moja. Ndipo kukatokea Mohamed Bacar, rais wa Nzuani, aliyekataa kutoka madarakani mwaka 2007, mpaka Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika yakiongozwa na Tanzania, pamoja na Wasudani na jeshi la Komoro, yalipotua Nzuani. Rais wetu Kikwete ndiye alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo. Kura ya maoni ya 2009 iliwashusha marais wa visiwa kuwa magavana.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi na haizungumzwi sana. Mzunguko ulitatua swali la "zamu ya nani", haukugusa swali la "anafanya nini akifika". Kila kisiwa kilijifunza kusubiri zamu yake, na zamu ikifika, watu wa kisiwa hicho wakategemea ajira serikalini. Aliyefuata naye akaajiri wake. Ofisi zikajaa, na mishahara ikawa inasubiriwa tena kama zamani.

Azali alirudi 2016 kwa tofauti ndogo ya kura. Julai 2018 kura ya maoni ikabadilisha katiba: rais wa kisiwa chenye zamu anaruhusiwa kugombea mara mbili mfululizo, makamu wa rais wakafutwa, Mahakama ya Katiba ikavunjwa. Zamu ya Nzuani, iliyotarajiwa 2021, ikasogezwa mbele. Oktoba 2018 watu wenye silaha wakajifungia kwenye mji mkongwe wa Mutsamudu, Nzuani, risasi zikalia siku kadhaa. Azali akachaguliwa 2019, kisha Januari 2024. Uchaguzi huo wa mwisho, tume ilitangaza kwamba waliojitokeza kumpigia rais kura ni kama asilimia 16, wakati kura za magavana, zilizopigwa siku hiyohiyo, zilionyesha mahudhurio makubwa mara kadhaa. Baadaye Mahakama ya Juu ikatoa hesabu yake ambamo mahudhurio yalikuwa yamepita nusu. Moroni ikawaka moto, kijana mmoja akafa. Katikati ya mwaka huo mwanawe rais, Nour El Fath, akateuliwa katibu mkuu wa serikali.

PESA YA SERIKALI INATOKA WAPI?

Hapa ndipo naomba tukae kwa muda.

Komoro inauza nje vitu vitatu: vanila, karafuu na mafuta ya langilangi. Kwa langilangi ni kati ya wazalishaji wakubwa kabisa duniani, na manukato mengi ya Ufaransa yana harufu ya Nzuani ndani yake. Ila mazao haya yote bei yake inapangwa mbali. Madagaska ikipata upepo mbaya, vanila ya Ngazija inapanda. Madagaska ikivuna vizuri, mkulima wa Ngazija analia. Na kuchemsha maua ya langilangi ili kupata mafuta kunahitaji moto wa kuni kwa saa nyingi mfululizo, kwenye kisiwa ambacho misitu yake imeshakatwa na mito inakauka. Uchumi wa Nzuani unakula maji yake yenyewe.

Chakula chao kikuu, mchele, kinatoka nje. Mafuta ya magari na ya mitambo ya umeme yanatoka nje. Saruji, kuku, unga, vyote melini. Bandari ya Moroni kina chake ni kifupi, hivyo meli kubwa hutia nanga mbali na mzigo hushushwa kwa matishali. Bandari ya kina iko Mutsamudu. Kwa mpangilio huo kila kilo ya mchele inapanda bei kabla haijafika sokoni, na serikali inaitoza forodha hapohapo, kwa sababu forodha ndiyo kodi rahisi kuliko zote: unakaa mlangoni, kila kitu kinapita mbele yako. Mchele wa serikali na mafuta viko chini ya mashirika ya umma, na mashirika haya yamekuwa mifuko ya kila utawala.

Zingine ni misaada, na biashara za jina la nchi. Naziita hivyo kwa uchungu. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya uraia wa kiuchumi: Falme za Kiarabu na Kuwait zilikuwa na watu wasio na uraia wowote, wale wanaoitwa bidun, na Komoro ikakubali kuwapa hati zake kwa malipo. Walipewa pasipoti ya nchi ambayo hawataiona. Ahadi ilikuwa barabara, bandari, umeme. Uchunguzi wa bunge baadaye ulisema mamilioni ya dola hayakuonekana, na hati nyingine ziliuzwa nje ya utaratibu. Sambi alikamatwa 2018 na Novemba 2022 mahakama maalumu ikamhukumu kifungo cha maisha kwa uhaini, bila nafasi ya kukata rufaa. Kama alitenda au hakutenda, kesi ya namna ile haiwezi kumpa Mkomoro jibu la pesa ilikokwenda, na ndilo swali alilokuwa nalo.

Bendera nayo ilikodishwa. Meli za uvuvi za watu wengine zilisajiliwa Komoro na kwenda kuvua bahari za mbali bila usimamizi, mpaka mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukaiweka Komoro kwenye orodha ya nchi zisizoshirikiana kupambana na uvuvi haramu, na samaki wake wakafungiwa soko la Ulaya. Mvuvi wa Mwali mwenye mashua ya mita saba akafungiwa soko kwa makosa ya meli ambayo hajawahi kuiona.

Mamluki, forodha, misaada, pasipoti, bendera. Mapato yote haya yana sifa moja: hakuna hata moja linalomlazimisha mtawala amwulize mwananchi.

NA PESA YA WATU JE?

Hii ndiyo sehemu inayonipa matumaini na kunisikitisha pamoja.

Wakomoro walio nje, wengi wakiwa Ufaransa na hasa Marseille, hutuma nyumbani kiasi kinachokaribia moja ya tano ya pato la taifa. Kila kijiji kina chama chake huko. Vyama hivi vimejenga shule, zahanati, barabara za kijiji, mabirika, misikiti. Wanakusanya michango kwa nidhamu, wanatuma, na kijiji kinatoa hesabu. Asiyetoa anajulikana. Mhasibu mwizi anajulikana pia, na familia yake itabeba aibu hiyo.

Sehemu kubwa ya pesa nyingine huenda kwenye anda, ndoa kubwa ya Ngazija. Mwanamume wa Ngazija anaweza kuwa na digrii, gari na nywele nyeupe, lakini kama hajafanya anda, bangweni hana sauti. Bangwe ni uwanja wa mji ambako wazee hukaa na kuamua mambo. Akishafanya anda anavaa mharuma, yaani shali ya heshima, begani, anakaa safu ya mbele msikitini, neno lake linasikilizwa. Gharama yake ni dhahabu kwa bibi harusi, karamu kwa mji mzima, posho kwa rika zote, na inaweza kufika makumi ya maelfu ya euro. Watu hujinyima miaka 20 Marseille kwa ajili yake.

Wasomi wengi hulaani anda, na hoja zao nazielewa. Pesa hiyo ingeweza kuwa mashine, ng'ombe, boti. Lakini tazameni inachonunua. Inanunua haki ya kusikilizwa mahali ambapo maamuzi yanafanyika kweli. Na sehemu ya malipo ya anda huingia kwenye mfuko wa mji, ikatoka kama barabara au nguzo za umeme. Kwa namna yake, ni kodi, na watu wanailipa kwa hiari na kwa fahari. Serikali ya Moroni haijawahi kulipwa kwa moyo huo hata siku moja.

Kuna la wanawake pia. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mume huhamia kwa mke, na ardhi ya ukoo, ile ya manyahuli, hupita kwa kina mama. Kaka hujinyima kumjengea dada. Hili limewapa wanawake paa la kudumu ambalo talaka haiwezi kuliondoa, jambo ambalo wanawake wa pwani yetu wengi hawana. Ila bangweni na bungeni, sauti zao bado chache mno.

KWA HIYO KWA NINI WANAKIMBIA?

Kwa sababu kijiji hakiwezi kila kitu. Kijiji kinaweza kujenga zahanati, hakiwezi kusomesha daktari bingwa. Kinaweza kuweka nguzo, hakiwezi kuendesha mtambo wa umeme. Kinaweza kujenga darasa, hakiwezi kumlipa mwalimu kila mwezi. Mambo haya yanahitaji dola. Ndiyo maana mwenye uwezo akiugua anapanda ndege kuja Dar es Salaam, na asiye na uwezo, hasa wa Nzuani, anaingia kwenye kwasa kwenda Maore.

Kwasa ni boti ya uvuvi ya fibaglasi. Mpaka mwaka 1995 Mkomoro alikwenda Maore bila viza, kama mtu aendaye kwa shangazi yake. Januari 1995 serikali ya waziri mkuu Balladur ikaweka viza, na bahari ile ikawa kaburi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria waliokufa tangu hapo kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Linganisheni na idadi ya watu wa visiwa vile. Wanaozama ni kina mama wajawazito wanaotaka kujifungulia hospitali, wagonjwa wa figo, watoto wanaofuata wazazi waliofukuzwa na kurudi tena. Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa Machi 2011. Aprili 2023 Ufaransa ikaanza operesheni ya kubomoa vibanda na kuwarudisha watu Nzuani. Na kimbunga Chido kilipoipiga Maore Desemba 2024, waliokuwa kwenye vibanda vya bati milimani, wengi wao Wakomoro wasio na karatasi, ndio walioachwa bila kitu. Wengine waliogopa kwenda kwenye makazi ya dharura wasije wakakamatwa.

NAJIBU MASWALI YALIYOULIZWA HAPO CHINI

Mkuu aliyesema tatizo lote ni Ufaransa: sehemu kubwa, ndiyo. Kuigawa nchi kwa kura, kumwachia Denard nafasi, viza ya 1995, hayo hayana utetezi. Faranga ya Komoro nayo imefungwa kwenye euro, 491.97 kwa euro moja, na hilo limezuia bei kupaa lakini limefanya kila wanachozalisha kiwe ghali. Hata hivyo Paris haikuwalazimisha kuivunja Mahakama ya Katiba mwaka 2018. Hayo waliamua wakubwa wa Moroni wenyewe.

Dada uliyeuliza kwa nini wasipige marufuku anda: Soilih alijaribu, na anda ilirudi siku alipoondoka. Mimi ningeiacha, nikaomba kitu kimoja tu, fungu la mji litangazwe hadharani bangweni na serikali iongeze kiasi kilekile juu yake. Wekeni serikali kwenye hesabu ambayo watu wanaiamini tayari.

Na kabla hamjasema haiwezekani, mtazameni Mwali. Hifadhi ya bahari iliundwa pale mwaka 2001 kwa makubaliano na vijiji vyenyewe. Wanakijiji ndio walinzi, wao ndio wenye vibanda vya wageni wanaokuja kuona kasa wa Itsamia wakipanda kutaga. Fedha za wafadhili zimekatika na kurudi zaidi ya mara moja, hifadhi ikabaki, na mwaka 2020 kisiwa kikaingia kwenye mtandao wa hifadhi za UNESCO. Kisiwa kidogo na kilichosahaulika kuliko vyote ndicho kimeonyesha serikali na kijiji vinavyoweza kushika kamba moja.

Aliyeuliza Tanzania inahusikaje: Komoro iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pamoja nasi. Mwaka 2008 tuliweza kupeleka askari kwa siku chache. Usafiri wa baharini wa uhakika kati ya Dar na Moroni ungewafaa watu wengi zaidi kuliko operesheni ile, kwa bei ya vyakula vyao na kwa wafanyabiashara wetu. Tufundishe madaktari wao, Kiswahili kimeshatuondolea kazi ya nusu. Na kauli yetu kuhusu chaguzi zao iwe ileile iwe rais ni rafiki au si rafiki, maana Nzuani wanakumbuka tulikuja na bunduki kumwondoa mtu aliyeng'ang'ania madaraka, na wanaona tulivyonyamaza baada ya 2018.

Wa mwisho kauliza kama mzunguko ufutwe kabisa, rais achaguliwe tu na nchi nzima. Sikubaliani. Ngazija ina nusu ya watu wa nchi au karibu na hapo. Ukiufuta, Mwali haitatoa rais tena na Nzuani itarudi kwenye hasira za 1997. Kwa katiba ya sasa, muhula wa pili wa Azali unakwisha 2029 na zamu ni ya Nzuani. Wanzuani wamengoja tangu Sambi alipotoka 2011. Ikifika 2029 zamu ile ikapewa sababu nyingine ya kusogezwa, sioni namna ambayo mtu wa Mutsamudu ataambiwa tena aamini karatasi iliyosainiwa Fomboni.

Wenye ndugu Ngazija, Nzuani au Mwali, karibuni mnisahihishe na mwongeze, hasa hali ya mishahara ya walimu na umeme kwa sasa.